Yule wa Usiku Ameingia Mtaani

Wasomaji wataniwia radhi leo, kwa kuwa mnyama ninayetaka kumzungumza si wa kutajwa watu wakiwa mezani. Marehemu nyanya yangu hakuwa akimwita kwa jina. Akitoka asubuhi kwenda shambani kwake, huko kusini ya Mombasa, akakuta mihogo imefukuliwa na matuta ya viazi yamepinduliwa, alikuwa akisema tu, "Yule wa usiku amepita," na sisi wajukuu tukajua. Nami nilipokuwa ningali mtoto wa chuo, juzuu kwapani, nilipata kulala kwenye dungu pamoja na ami yangu msimu wa mahindi, debe tupu mkononi, tukingoja kusikia mabua yakivunjika gizani. Akija tulipiga debe na kupiga ukelele, naye akakimbia. Katika miaka yote hiyo hatukumwua hata mmoja, wala yeye hakutudhuru. Kila mmoja alikuwa na mpaka wake, na mpaka wenyewe ulikuwa ni ule ukingo wa mwitu.

Mpaka huo sasa hauko. Binti yangu ameolewa katika mtaa uliojengwa mahali ambapo miaka ishirini nyuma palikuwa ni vichaka na mikanju. Nyuma ya nyumba za mwisho pana jaa, na kila kitu hutupwa hapo: maganda ya ndizi na maembe, ukoko wa wali, mabaki ya karamu za harusi, na kila baada ya Idi matumbo ya wanyama waliochinjwa. Mwaka juzi nguruwe mwitu akaanza kuja hapo usiku. Kwanza alikuja mmoja, kisha wakaja sita, na baada ya miezi michache wakawa hawangoji tena giza liingie. Jioni moja vijana wakawazingira kwa mawe na marungu. Majike na watoto wakapenya wakatoroka; dume likabaki nyuma, likabanwa ukutani, likageuka. Kijana wa miaka kumi na minne alichanwa paja hata mfupa ukaonekana. Nguruwe akauawa papo hapo.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mzoga ulilala pale siku tatu. Hakuna aliyekubali kuugusa, ati ni najisi, na upepo wa kusi ukawa unaichukua harufu na kuipeleka moja kwa moja hadi madrasani. Siku ya nne bwana mmoja Mkristo, mpangaji wa mtaa huo huo, aliuburura kwa kamba, akachimba shimo, akauzika, wala hakutaka malipo. Wazee wakamshukuru sana. Halafu wakaanza kubishana kama lile koleo walilomwazima lioshwe mara ngapi.

Nilipowauliza wazee kuhusu jaa, hakuna aliyekuwa na la kusema. Jaa ni jaa, waliniambia.

Watu wa mtaa ule wanadhani msiba huu umewaangukia wao peke yao. La. Miji mikubwa ya dunia, yenye barabara za lami na mapipa ya taka kila pembe, inahangaika na mnyama huyu huyu, na baadhi ya miji hiyo imejaribu njia tatu au nne kabla ya kufahamu nini kinachomleta. Nguruwe wao si yule wa kwetu hasa. Wa Ulaya na Asia ndiye asili ya nguruwe wa kufugwa. Wa kwetu ni jamaa yake wa Afrika, mwenye manyoya mekundu au meusi na mgongo mweupe-mweupe, mpenda giza, tofauti na ngiri anayetembea mchana mkia wima. Lakini tabia moja wote wanayo: pua. Pua hiyo husikia muhogo chini ya ardhi na ganda la embe lililo mbali, na ikishajua mahali haisahau.

Tuanze na Singapore, kwa sababu ipo sababu ya kuanzia huko. Yapata watu wanane katika kila kumi wa kisiwa hicho hukaa katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa na serikali, na kati yao wamo Wamalai, Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama sisi. Kile kitabu kidogo tulichosomeshwa chuoni, Safinatun Najah, wao pia wamekisoma, na mtungaji wake, Sheikh Salim bin Sumeir, alikuwa Mhadhrami aliyehamia Java na kufia huko Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta. Kwa hiyo mama wa Kimalai akikutana na nguruwe chini ya ngazi za nyumba yake, hofu yake na maswali yake ni yale yale ya mama wa Kisauni.

Na kukutana wanakutana. Kwa miaka mingi nguruwe mwitu walikuwa wamepotea katika kisiwa kikubwa, wakabaki visiwa vidogo vya pembeni kama Ubin, ambako huogelea kutoka Johor upande wa Malaysia. (Ndiyo, huogelea, na vizuri sana.) Kisha wakarudi. Chui milia aliyekuwa akiwapunguza alikwisha kutoweka zamani, na msitu umekatwa vipande-vipande na barabara na mitaa. Mwaka 2012 mmoja aliingia katika bustani ya Bishan akamrusha askari mlinzi, na nchi nzima ikaingia katika mjadala wa kuwaua au kutowaua. Februari 2021 watu wawili walijeruhiwa katika mtaa wa Punggol, na nguruwe huyo akakamatwa, akauawa.

Serikali ya huko haikukomea kwenye kukamata. Tangu tarehe 1 Juni 2020 sheria inamkataza mtu yeyote kumpa chakula mnyama wa porini, popote kisiwani, na anayevunja sheria kwa mara ya kwanza anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000 za nchi hiyo. Akirudia, hadi 10,000. Watu wanafundishwa jinsi ya kupishana naye: usikimbie, usipige kelele, usimmulikie taa ya kamera usoni, rudi nyuma pole pole, na ukiona watoto wake jua kwamba mama yuko karibu. Mambo mepesi haya, lakini yanampasa mtu kuyajua kabla, kwa sababu akishakutana naye uso kwa uso hapana nafasi tena ya kusoma tangazo.

Kwa nini sheria imkamate mtu mwenye mkate mkononi badala ya kumkamata nguruwe? Jawabu ni kwamba nguruwe anayelishwa na mkono wa binadamu hubadilika. Anapoteza woga. Leo anangoja mkate, kesho anaufuata mfuko wa plastiki popote aonapo, keshokutwa anamwangusha mzee atokaye sokoni na mfuko wake. Nyuma ya nguruwe mkorofi aghalabu yuko binadamu mkarimu aliyemzoeza. Hapo ndipo huruma inapogeuka kuwa madhara, na mimi niliyezaliwa katika nyumba ambayo paka wa mtaa mzima walikuwa wakila, maneno haya si mepesi kuyaandika.

Wa Hong Kong waliyajua hayo kwa njia ya uchungu zaidi. Huko karibu sehemu nne katika kumi za ardhi zimetengwa kuwa hifadhi za vilima na misitu, na vilima hivyo vinaishia nyuma ya maghorofa. Zamani serikali ilitumia vikundi vya wawindaji wenye bunduki. Mwaka 2017 vikundi hivyo vilisimamishwa, na idara inayohusika ikaanza jambo la upole: kuwakamata nguruwe, kuwachoma dawa ya kuzuia uzazi, na kuwahamishia mbali. Wapenda wanyama waliifurahia siasa hiyo. Lakini wakati madaktari wakichoma sindano, watu wengine walikuwa wakisimamisha magari kando ya barabara kumwaga mkate na mabaki ya vyakula, na nguruwe waliohamishwa hawakuwa na sababu ya kukaa mbali na karamu.

Novemba 2021 askari msaidizi wa polisi aliumwa na nguruwe mjini. Nguruwe mwenyewe alianguka kutoka mahali pa kuegeshea magari akafa. Haikupita hata juma moja serikali ikatangaza kwamba upole umekwisha, na mnamo tarehe 17 ya mwezi huo usiku maofisa wakaenda kwenye barabara moja ambapo nguruwe walikuwa wamezoea kuomba chakula kwa wapita njia. Wakawawekea mkate. Nguruwe wakaja, kama walivyofundishwa kuja. Wakapigwa mishale ya dawa ya usingizi, na saba wakauawa kwa sindano.

Mimi si mtu wa kumlilia nguruwe, na atakayenicheka na anicheke, lakini kisa kile cha mkate kimenikaa rohoni. Mkono ule ule uliomvuta kwa wema ndio uliomvuta kwa kifo, na yeye hakuwa na njia ya kupambanua.

Baadaye Hong Kong ilikuja mahali ambapo pengine ingeanzia. Desemba 31, 2022, marufuku ya kulisha wanyama wa porini yalienezwa nchi nzima. Na tangu Agosti 1, 2024, adhabu ya juu imepanda kutoka dola 10,000 za huko hadi 100,000 pamoja na kifungo cha mwaka mmoja. Yamebuniwa pia mapipa ya taka ambayo nguruwe na kima hawawezi kuyaangusha wala kuyafungua. Pipa la taka! Nadhani ingekuwa hapa kwetu tungeunda tume kwanza.

Ulaya nako hali ni hiyo hiyo. Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, karibu sehemu ya tano ya eneo lake ni msitu, na nguruwe hutembea hadi kwenye bustani za watu kufukua maua. Agosti 2020 picha ilienea dunia nzima ya nguruwe jike na watoto wake wakikimbia na mfuko wa bwana mmoja aliyekuwa akipunga jua ziwani, na ndani ya mfuko mna kompyuta yake. Bwana akawakimbilia hali ya kuwa hana nguo hata moja mwilini, jambo ambalo sitalieleza zaidi katika ukurasa huu. Kompyuta aliipata. Wajerumani walicheka, walakin wana sheria inayokataza kuwalisha, na wana wawindaji maalumu wa mjini wenye ruhusa ya kuwapunguza. Roma taka zilipokuwa zikilundikana bila kuchukuliwa, nguruwe walionekana mchana kweupe wakipanga safu kati ya magari kama watoto wa shule. Na Haifa, mji wa Waarabu na Wayahudi juu ya mlima Karmeli, ambao wengi wa wakaaji wake dini zao zote mbili zinawakataza nyama hiyo, baraza la mji lilisimamisha kuwapiga risasi mwaka 2019, na ugomvi baina ya wakaaji ukaendelea: huyu anasema aachwe, yule anasema watoto wanaogopa kwenda shule.

Kuna jambo jingine linalotuunganisha na miji hiyo, na wachache wanalijua. Yako maradhi yaitwayo homa ya nguruwe ya Kiafrika. Hayamwambukizi binadamu, lakini nguruwe wa kufugwa na wale wa mwitu wa Ulaya na Asia huyafia kwa wingi. Maradhi hayo yaliandikwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, na mganga wa mifugo aitwaye Montgomery, mwaka 1921, baada ya nguruwe wa masetla kufa ovyo. Ngiri wetu na nguruwe mwitu wetu huyabeba bila kuugua. Papasi huyachukua kutoka kwa ngiri. Mwaka 1957 yalifika Ureno. Mwaka 2007 yakatokea Georgia, na inadhaniwa yaliingia kwa mabaki ya chakula yaliyoteremshwa melini. Mwaka 2018 yakawa Uchina, 2020 Ujerumani, Mei 2022 yamo ndani ya Roma, Februari 2023 mzoga wa nguruwe mwitu Singapore ukapatikana nayo. Huko Roma sehemu za kaskazini ya mji zilipigwa marufuku mandari, na mapipa ya taka yakazungushiwa nyua. Tazama basi jinsi mambo yanavyozunguka: ukimfuata nguruwe popote duniani, mwisho wa njia unakutana na mabaki ya chakula cha binadamu.

Sasa nirudi kwetu, kwa lile koleo.

Tuliosoma Safina tunakumbuka kwamba najisi nzito ni mbili, mbwa na nguruwe, na kwamba kilichoguswa nao kwa majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ndiyo hukumu ya madhehebu yetu, wala sina nia ya kuibadili kwa kalamu ya gazeti. Lakini watu wetu wamebeba nusu ya somo wakaacha nusu. Hukumu ya kuosha imewekwa ili mtu aweze kugusa kinapobidi kisha atwaharike. Haikuwekwa ili mzoga uoze mlangoni mwa madrasa. Kikavu kikigusa kikavu hakiambukizi unajisi. Mtu angalifunga mkono wake kwa mfuko, akauvuta mzoga kwa kamba, akauzika, akaosha alichohitaji kuosha, akaenda zake kusali Alasiri. Tena wanavyuoni wenyewe hawakuwa na neno moja: Imam Malik aliona kila mnyama aliye hai ni twahara, na Imam Nawawi, nguzo ya Mashafi, amekiri katika Majmuu kwamba dalili ya unajisi wa nguruwe akiwa hai si ya wazi. Haya nayasema kwa sababu nimesikia mtu mzima akiwafundisha watoto kwamba kumpiga nguruwe mawe ni thawabu.

Kilichoharamishwa wazi ni kumla. Katika Kurani nyama yake imetajwa pahali pane kwa kuharamishwa, na Mwislamu haulizi zaidi. Lakini sisi tumeichukua haramu ya sahani tukaifanya chuki ya njiani, na kutoka hapo tukaifanya tusi la kutupiana sisi kwa sisi. Katika Muwatta ya Imam Malik kuna habari ya Nabii Isa, amani iwe juu yake, kwamba alikutana na nguruwe njiani akamwambia apite kwa salama. Waliokuwapo wakastaajabu: maneno hayo kwa nguruwe? Akawajibu kwamba anachelea kuuzoeza ulimi wake kusema mabaya. Nilimsomea habari hiyo yule maalim wa madrasa ya mtaa wa binti yangu. Alinyamaza kitambo, akasema, "Lakini mzee wangu, Nabii Isa hakuwa na mihogo."

Nilicheka, na kweli amesema. Mkulima wa Kwale au wa Lamu anayelala njaa kwa sababu shamba lake limepinduliwa usiku mmoja haambiwi habari za salamu. Dini inamruhusu kumzuia mnyama anayemshambulia yeye au mali yake, na hata ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamekuwa wakitoka kwa makundi na mbwa kuwasaka ili kulinda mashamba, nao ni Waislamu kama sisi. Hapa Kenya njia hiyo imefungwa: uwindaji wa mchezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimpi raia ruhusa ya kujiwindia apendavyo. Shambani kuna haki ya kulalamika, na sitaisahau. Lakini mtaani, kwenye nyumba zisizo na hata mche mmoja wa muhogo, nguruwe amefuata nini ila lile jaa?

Na hapo pana fundo. Kwa Katiba ya mwaka 2010, wanyama wa porini wako chini ya serikali ya taifa. Uzoaji wa taka uko chini ya kaunti. Basi nguruwe anayekula jaani ana vichwa viwili. Watu wa mtaa ule walipokwenda kushtaki kwa ofisi moja waliambiwa kwamba tatizo ni taka. Walipokwenda kwa ya pili wakaambiwa kwamba tatizo ni mnyama. Kila ofisi ilisema kweli, na kila ofisi ikafunga mlango saa kumi. Sheria ya taka iliyopitishwa mwaka 2022 inataka taka zitengwe tangu nyumbani, zinazooza mbali na zisizooza, na kama hilo lingefanywa ukoko wa wali ungekuwa mbolea badala ya kuwa mwaliko. Katika mitaa ninayoijua mimi, sijaona nyumba kumi zinazotenga.

Wala tusiitupie serikali mzigo wote. Jaa lile halikuletwa na gari la kaunti. Limeletwa na beseni moja moja, kila jioni, na mikono ninayoijua, na mara moja moja, nikiwa mgeni huko, na mkono wangu mwenyewe. Vijana wa pale, baada ya mwenzao kushonwa nyuzi kumi na saba, walichanga fedha wakakodi mchimbaji, wakalifukia jaa lote kwa udongo, na akina mama wakaafikiana kwamba mabaki ya chakula yatafungwa ndani ya debe lenye kifuniko hadi asubuhi ya siku ya gari. Miezi mitatu nguruwe hawakuonekana. Yule mpangaji Mkristo ndiye aliyepewa kazi ya kukagua vifuniko, na kila mtu anamsikiliza.

Ijumaa iliyopita nilikwenda huko. Kijana anatembea, anachechemea kidogo tu. Pale palipokuwa na jaa watoto wanacheza mpira. Lakini nilipovuka barabara kwenda kwenye duka la upande wa pili, nyuma ya nyumba mpya ambazo wenyewe wamehamia mwezi uliopita, nilikuta rundo limeanza, kimo cha goti, maganda ya mananasi juu yake bado mabichi. Kando yake, kwenye tope la mvua ya jana, palikuwa na nyayo ndogo za kwato mbili mbili, zikija kutoka vichakani na kurudi.